Vilima Vitano vya Ba Kanchan

Muhaisnah, Dubai
Jumapili, 2 Februari 2025

Dada Fortunata,

Kaa chini kwanza. Kama umeshika sahani ya madam, iweke mezani, ikivunjika usinisingizie mimi.

Mdogo wako anakwenda India kuhiji. Naona umeshapiga ishara ya msalaba. Tulia, dini yangu iko palepale, nampeleka mtu.

Unajua ghala letu la Jebel Ali ni la Bwana Jayesh, Mhindi wa dini ya Kijaini, wale ambao hata kitunguu hawali kwa sababu kuking'oa ni kuua. Mama yake anaitwa Kanchan, ila wote tunamwita Ba, yaani mama. Mwezi uliopita aliletwa ghalani kuombea mashine mpya. Mimi nilikuwa nasukuma toroli limekwama, nalitukana kwa Kiswahili cha sokoni, nikijua hapa hakuna wa kunielewa. Mara nikasikia nyuma yangu: "We kijana, hilo toroli mama yake alikukosea nini?"

Nageuka, bibi wa sari nyeupe, mfupi kama mtungi. Nikasema shikamoo kabla sijafunga mdomo.

"Marahaba. Wa wapi wewe?"

"Marangu, bibi."

"Marangu Mtoni au kule juu?"

Dada, nilitaka kulia! Kumbe Ba ameishi Moshi miaka ishirini. Mumewe alikuwa na duka la viatu na makoti ya wapanda mlima, pale karibu na soko. Ana miaka sabini na sita na Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha mwalimu niliyemkimbia kidato cha pili.

Sasa sikia. Kuna mji unaitwa Rajgir, huko Bihar. Mji wa zamani mno, kabla hata ya Bwana wetu Yesu. Buddha alifundisha pale, na Mahavira, mkuu wao Wajaini, alikaa pale masika baada ya masika. Umezungukwa na vilima vitano, na kila kimoja kina hekalu juu. Ba ameweka nadhiri avipande vyote kwa miguu yake, pekupeku. Bwana Jayesh alitafuta mtu mwenye mwili wa kumsindikiza, Ba akasema, "Namtaka yule wa toroli."

Nikaitwa ofisini. Sir akaniuliza, "Uzoefu wa milima unao?" Nikamjibu bila kupepesa, "Sir, mimi ni mgumu wa Kilimanjaro. Mpagazi. Kileleni nimefika mara kumi na moja." Akasimama akanipa mkono!

Masharti yake ni haya. Ba akimaliza vilima vyote na akarudi mzima, natoka kwenye kupakia makontena, nakuwa dereva wake Ba. Akiumia, hata kidole, khalas, viza inafutwa, narudi Marangu kuchunga mbuzi wa baba.

Kwa hiyo mtu yeyote akikuuliza, kumi na moja. Usiniangushe.

Kwa kuwa madam wako anazifungia simu zenu kabatini mpaka Ijumaa, na dakika zako kumi za Ijumaa ni za kumpigia mama, tutaendelea na barua. Nikiwa India nitaandika karatasini, nitaipiga picha nimtumie kaka Ibra, yeye ataichapisha akuletee Hatta na ile pikapu yake ya mboga. Asisome. (Kaka Ibra, najua unasoma.)

Wako, shujaa wa milima,
Severin

*

Hatta
Jumatano, 5 Februari 2025

Severin,

Nimekaa chini kama ulivyotaka, na bado nimeishiwa nguvu.

Mara kumi na moja? Mimi ndiye niliyekufulia nguo uliporudi. Ulipanda mara moja, ukiwa umebeba sufuria za mpishi, ukafika kibanda cha kwanza, ukatapika mpaka wazungu wakakupa chokoleti, ukateremshwa na mtoto wa mama Redempta akiwa amekubebea na sufuria zako. Marangu nzima inajua. Hata mbuzi wa baba wanajua.

Hapo sicheki tena. Huyo ni bibi wa miaka sabini na sita. Anaweka mwili wake mikononi mwako kwa sababu umemwambia mikono hiyo imezoea. Akidondoka huko, wewe utarudishwa kuchunga mbuzi. Yeye atarudishwa kwenye sanduku. Umefikiria hilo, au ulikuwa unafikiria usukani?

Nenda kamwambie Bwana Jayesh ukweli kabla ya ndege. Aibu ya siku moja haiui.

Mimi mzima. Madam ana wageni, tunapika toka alfajiri, Ibra ananisubiri nje na kreti za mayai. Nakuombea hata ukinikasirisha.

Dada yako,
Fortunata

*

Rajgir, India
Jumanne, 11 Februari 2025

Dada mpendwa mwenye maneno makali,

Barua yako niliipata uwanja wa ndege, nikaisoma mara mbili, nikapanda ndege. Samahani.

Lakini hebu msikilize mshindi: vilima viwili tayari, vimebaki vitatu!

Mji huu ungeuona. Asubuhi ukungu kama wa kwetu mwezi wa saba, na mikokoteni ya farasi yenye kengele inapita katikati yake. Chini ya kilima kimoja kuna chemchemi ya maji moto yatokayo mwambani, watu wanaoga tangu hakujapambazuka. Watawa wa Kibudha wamejaa, wa Sri Lanka, wa Thailand, wamevaa rangi ya machungwa, wanakwenda kwenye jiwe ambalo Buddha alikuwa akikaa kufundisha. Wajaini wanavaa meupe. Mweusi ni mmoja tu, na ndiye anayepigwa picha kuliko mahekalu. Jana nimeshikishwa watoto wanne wa watu nisiowajua.

Tunalala nyumba ya mahujaji. Chakula kabla jua halijazama, maji yamechemshwa, hakuna kitunguu, hakuna kiazi. Mimi hula uani na madereva, Ba hula ukumbini na wenzake. Nimekonda, nimependeza.

Kilima cha kwanza tulipanda jana. Ba ana fimbo ya mwanzi, mimi nina chupa za maji na mdomo. Nyuma yetu wabeba viti wanne: hapa kuna wanaume wanaombeba hujaji kwenye kiti kidogo chenye miti miwili, wanamweka begani, haoo. Hao wanne wametuona wakaona riziki. Wanatufuata hatua kwa hatua na kiti kitupu. Mkuu wao, mzee mmoja wa taulo jekundu, kila Ba akihema anakipigapiga kiti na kusema kwa Kihindi, "Mama, keti." Nilimjibu kwa kile Kihindi changu cha ghalani, "Bhai, huyu mama amezaliwa kabla ya miti yako." Walicheka mpaka wakakaa. Kesho yake wamekuja tena.

Leo kilima cha pili. Kina viti vinavyoning'inia kwenye waya, unakaa unavutwa mpaka juu kwenye mnara mweupe wa Wabudha. Nikamwambia Ba, "Hivi si sawa na kupanda?" Akanitazama kama nimetukana toroli. Tukakanyaga ngazi, huku masista wa Kithai wanapita hewani juu ya vichwa vyetu wakitupungia mikono. Kufika juu Ba akawapungia yeye.

Sababu ya nadhiri amenieleza tukiwa tunashuka. Mwaka 1976 alikuja hapa na mumewe, akapanda vinne kwa miguu. Cha tano tumbo likamkaza, maana alikuwa mjamzito, watu wakamtia kwenye kiti wakamfikisha juu hivyo. "Nilifika kama gunia," akasema. "Unajua mimba ilikuwa ya nani? Ya huyo bosi wako. Hajazaliwa ameshanizuia!"

Jambo moja liishie kwako. Goti lake la kulia limevimba kama papai changa. Ameniapisha nisimwambie Bwana Jayesh, nami nikaapa.

Wako, simba wa Bihar,
Severin

*

Hatta
Jumatano, 12 Februari 2025

Severin,

Ibra amenisomea kuhusu goti kabla sijaifungua karatasi, kwa hiyo ndiyo, anasoma.

Nimeshinda na jambo hili siku nzima. Unakumbuka bibi yetu alivyoanguka njia ya kanisani, tukamwinua tukasema ni goti tu? Wewe ulikuwa mdogo. Mimi ndiye niliyekaa naye miezi mitatu mpaka mwisho.

Kwa hiyo usiseme sikukuambia. Nimemwomba Ibra kesho apitie Jebel Ali, amwone Bwana Jayesh uso kwa uso, amweleze kwamba wewe hukufika hata nusu ya mlima, na kwamba mama yake amevimba goti. Mwenye mama ana haki ya kujua.

Nachukia kukufanyia hivi. Ukifukuzwa utanichukia wewe, na nitavumilia. Wewe utaishi.

Fortunata

*

Rajgir
Alhamisi, 13 Februari 2025

Dada,

Toka Jumatatu hakuna barua yako iliyonifikia, mtandao wa hapa unakuja na kuondoka kama mgambo. Naandika hivyohivyo, maana nikikaa na jambo hili peke yangu litanipasua.

Vilima vinne tumemaliza. Cha tatu jana, cha nne leo. Lakini nimeharibu.

Leo tuliposhuka, Ba alifurahi akasema, "Severin, usile uani. Njoo ule nami." Nikanawa, nikaingia ukumbini kifua mbele. Wamekaa chini wote, kila mtu na mkeka wake na kimeza kifupi mbele yake. Mimi miguu yangu hii mirefu haikunjiki baada ya ngazi, mhudumu akaniletea kiti cha plastiki.

Fikiria, dada. Mimi juu ya kiti, bibi wa miaka sabini na sita chini sakafuni, anakula. Kwetu hata mbwa angenibwekea! Nikasema, "Ba, kaa wewe hapa." Akanikatalia kwa kichwa, mdomo una chakula. Nikaona ni zile adabu zake. Nikamtia mikono kwapani, hopa, nikamweka juu ya kiti. Nikatazama huku na huku nikingoja kupongezwa.

Mwanamke mmoja akaziba mdomo kwa sari.

Kumbe siku zote hizi Ba ana mfungo. Anakula mara moja tu kwa siku, na ni kwa kikao kimoja. Akishainuka pale alipokaa, mlo umefungwa mpaka kesho mchana. Alikuwa amekula matonge matatu, na amepanda kilima leo, na kesho ndicho kilima cha tano.

Ba akaunganisha viganja, akasema kitu kwa lugha yao, sahani ikaondolewa. Nikapiga magoti. "Ba, nenda kwa padri wenu akusamehe, kosa ni langu." Akasema, "Kosa ni lako, tumbo ni langu. Nadhiri haijui kosa la nani." Kisha akaniambia nile. Dada, wali ule ulikuwa mchanga.

Tulipotoka ukumbini nilimsikia yule mzee wa taulo jekundu akiwaambia wenzake: kesho bibi atakaa.

Severin

*

Dubai
Alhamisi, 13 Februari

Dada Fortunata,

Salamu. Nimefanya ulivyonituma, nami moyo wangu haukupoa.

Nimemkuta Bwana Jayesh ghalani akikagua mzigo. Nimemweleza yote, mlima na goti. Alipoona nimemaliza aliniuliza, "Na wewe nani kwake?" Nikamwambia, mimi si ndugu, mimi nachukua barua tu. Akavua miwani, akaifuta, akasema shukran, nenda.

Baadaye ndipo picha ya barua ya leo ikaingia, hii nilokuletea. Nimeisoma, nisamehe. Lau ingefika asubuhi, sijui kama ningekwenda. Mtu amwinue bibi wa watu kwa heshima kisha aadhibiwe na sisi tena?

Basi, tumwachie Mungu.

Ibra

*

Rajgir
Jumamosi, 15 Februari 2025

Dada Fortunata,

Barua yako ya Jumatano imenifikia leo. Ungejua ilikuwa imeshanitangulia mlimani! Nitakufikia. Ngoja nisimulie kwa mpangilio, maana hii utaisoma kwa wajukuu.

Ijumaa, saa moja asubuhi, chemchemi ya maji moto, chini ya kilima cha tano. Ba uso umepauka kama karatasi. Mimi sikuwa nimekula vilevile. Nilijiambia kama yeye ana matonge matatu tumboni, mimi nisiwe na saba. Wabeba viti wako nyuma, kiti kimetandikwa kitambaa kipya. Walikuja wamejipanga kama wa mazishi.

Robo ya njia ilikwenda. Nusu haikwenda. Ba alikaa juu ya ngazi, na goti likakataa kabisa. Mzee wa taulo jekundu akakishusha kiti mbele yake, taratibu. Hapo simu yangu ikalia.

Alikuwa Bwana Jayesh, nikamwekea Ba spika. Alimwambia mama yake maneno marefu ya Kigujarati, kisha akanigeukia mimi: "Severin, I know everything. Mweke kwenye kiti sasa hivi, mshushe. Na wewe ukirudi Dubai, khalas."

Dada, jua lilizima. Nikasema, "Yes sir." Nikageuka kumshika Ba.

Ba akaninyang'anya simu. Akamwambia mwanawe kwa Kiswahili, ili nami nisikie, "Jayesh, mwaka sabini na sita ulinitia kwenye kiti bila ruhusa. Leo uko Dubai, hunifikii." Akaizima, akaitia kifuani.

Nikaona yameisha, bora niseme mwenyewe. "Ba, ni kweli. Kilimanjaro sikufika. Niliishia kibanda cha kwanza nikatapika."

"Najua."

"Nani kakuambia?"

"Vidole vyako. Siku ya kwanza ulipovua viatu nikavitazama. Nimewauzia wagumu viatu miaka ishirini. Mtu akishuka mlima ule, kucha za gumba zinakufa, zinakuwa nyeusi, zinang'oka. Zako zinang'aa kama za bi harusi."

Nikaomba ardhi inimeze, ila ardhi yenyewe ni jiwe. "Sasa kwa nini hukunirudisha?"

"Mgumu wa kweli angenibeba," akasema. "Angeona nahema, angenitupa mgongoni, twende. Nilitaka mtu asiyeweza."

Akanyoosha mkono. Nikamwinua.

Wana sala yao ya mistari tisa. Ba akaanza: mstari mmoja, hatua moja. Ya tisa, tunasimama. Yeye anahema, mimi nasema Salamu Maria moja, inatosha kabisa. Halafu tisa tena. Nilikuwa ngazi moja chini yake, mkono wangu nyuma ya mgongo wake bila kumgusa, maana akiguswa atasema amebebwa. Tisa, simama. Tisa, simama. Watawa wa Kibudha waliokuwa wanashuka kutoka kwenye mapango ya huko juu wakatupisha. Mmoja mwenye ngoma ndogo akageuza njia, akapanda nasi, akipiga polepole, pigo moja kila hatua.

Sijui tisa ya ngapi, nikasikia sauti nyuma, "Nau!" Ndiyo tisa yao. Alikuwa mzee wa taulo jekundu. Halafu wote wanne, "Nau!" Kiti kitupu mabegani, wanahesabu kama wanapakia meli.

Saa nne na dakika ishirini, kwa saa yangu ya soko la Naif, Ba aliweka mguu wa kulia, ule mbovu, kwenye kizingiti cha hekalu la kilima cha tano. Wabeba viti walipiga kelele hadi nyani wakakimbia. Mimi nilipiga vigelegele kama mama wa bwana harusi, sioni haya. Nilidhani Ba atalia. Ba akaniambia, "Piga picha." Nikapiga. "Piga nyingine, hiyo nimefumba macho." Picha thelathini na moja, dada! Kisha akaingia kusali, na mimi nikakaa mlangoni nikiutazama mji wote pale chini, mdogo, na vile vilima vingine vinne vimetulia kama ng'ombe waliokwisha kukamuliwa.

Sasa kuhusu wewe. Nilipoisoma barua yako leo nilikasirika kama dakika tano. Halafu nikamkumbuka bibi. Ulifanya sawa, na mimi nilifanya sawa, basi.

Kuna habari ya kushuka ambayo ningeificha, ila kaka Ibra ana picha. Nilipoinuka pale mlangoni dunia ilizunguka, nikazimia. Ba akawaambia wale wanne, "Huyo ndiye abiria wenu." Wakanitia kwenye kiti. Nilishuka kilima cha tano mabegani mwa watu, naning'iniza miguu, na Ba mbele kwa fimbo yake akiwaonya wasinitikise. Kushuka hakuhesabiwi. Nimemuuliza.

Viza yangu sijui. Kama ni mbuzi, wawe tayari.

Mpanda vilima vitano (na ni kweli),
Severin

*

Hatta
Jumatatu, 17 Februari 2025

Severin,

Nimeisoma nikiwa jikoni, nikaisoma tena kwa sauti, nikiwatafsiria wenzangu Wafilipino. Ile ya kiti kitupu na "Nau!" walinifanya niirudie mara tatu. Madam alikuja kuuliza nani kafa. Nikamsimulia na yeye, akakaa kwenye ndoo akasikiliza mpaka mwisho.

Nimekuita mwongo, na ulikuwa mwongo. Lakini niliogopa ukiona mambo magumu utakimbia, kama ulivyokimbia shule. Hapo ndipo nilipokosea.

Nimemwandikia Bwana Jayesh ukurasa mmoja. Nimemwambia aliyemtuma Ibra kusema ukweli ni mimi, na kama anamfukuza mtu, ajue amemfukuza nani. Ibra ameupeleka.

Kula. Tafadhali kula.

Dada yako,
Fortunata

*

Muhaisnah, Dubai
Jumapili, 23 Februari 2025

Dada Fortunata,

Wiki nzima toka turudi, Bwana Jayesh hakuniambia neno. Nilirudi kwenye basi la saa kumi na moja alfajiri, nikapakia makontena, kila nikimwona anapita na karatasi nikajua ni yangu. Wenzangu walishaanza kuniuliza godoro langu nitamwachia nani. Zadock, yule Mkenya wa chumbani kwetu, akaniambia, "Buda, ukienda niachie feni." Nikamwambia feni ataipata akipanda kilima.

Jana mchana dereva akaja kunichukua: Ba anakuita nyumbani Bur Dubai. Nikavaa shati la kanisani.

Sebule imejaa. Wajaini wenzake, wanawake kwa wanaume, wamevaa vizuri. Ba kakaa katikati, goti limefungwa bandeji, uso unang'aa. Desturi yao, mtu akirudi hija wanamwinamia, wanamgusa miguu, wapate na wao baraka ya njia aliyotembea. Wakawa wanapita mmoja mmoja. Mimi nimejibana ukutani na sahani ya vitamutamu, nahesabu siku zangu.

Wa mwisho alipoinuka, Ba akaninyooshea kidole. "Na huyu pia alipanda vitano."

Wakageuka wote. Bibi mmoja wa fimbo, mkubwa kuliko mama yetu kwa mbali, akaja moja kwa moja, akaanza kuinama miguuni kwangu. Dada, niliruka! Kwetu mkubwa akikuinamia hivyo, ama umekufa ama umelaaniwa. Nilijikuta nyuma ya friji, sahani bado mkononi.

"Severin!" Ba akaita. "Toka huko. Miguu ilipanda, sasa isimame."

Nikatoka. Nikasimama katikati ya zulia na soksi zenye tundu, mikono sijui niitie wapi, macho nimeyapeleka darini maana machozi yalikuwa yananitoka. Wakaja. Mabibi, mababu, mwenye duka la dhahabu, daktari. Vidole vyao vinagusa soksi zangu kisha vinakwenda kwenye paji la uso. Nikawahesabu, wewe unanijua: kumi na wanne.

Wa kumi na tano alikuwa Bwana Jayesh. Alikuwa amesimama mlangoni muda wote, na ukurasa wako nimeuona umekunjwa kwenye mfuko wa shati lake. Akavua miwani. Akainama, taratibu, maana na yeye mgongo si mchanga, akagusa mguu wa kulia, akagusa wa kushoto. Ba anatazama kama hakimu.

Alipoinuka akaniuliza kama ninazo picha za pasipoti. Nikamuuliza za nini, sir. Akasema za leseni ya udereva, Jumatatu saa mbili, nisichelewe.

Ndugu yako, unayeruhusiwa kujisifu naye popote,
Severin